Deni la Mtani: Wema wa Darasani Haukaririshwi (Sehemu ya Tatu)

Katika makala mbili zilizotangulia tuliumaliza utani wa ukoo, ule wa babu na mjukuu na ule wa mashemeji, nami niliahidi kwamba sehemu ya tatu ingekuwa ya utani wa makabila na njia za misafara. Ahadi naitimiza, ila itabidi niipitishe shuleni. Tangu Januari 2024, mtaala mpya ulipoanza kutumika, watoto wa shule za msingi wamepata somo liitwalo Historia ya Tanzania na Maadili, na tangu hapo swali moja limekuwa likirudi magazetini na redioni: je, mtoto anaweza kufundishwa kwa kitabu na kipindi namna ya kuishi vizuri na mwenzake asiyefanana naye? Wako wanaosema hiyo ni kazi ya nyumbani na ya nyumba za ibada. Wako wanaosema shule isipoifanya, nchi itaoza. Nadhani pande zote mbili zimesahau kwamba jambo hili lilikuwa na mtaala wake hapa kwetu kabla ya ubao na chaki, nao ni utani, na kwamba mtaala ule unaushinda huu wetu kwa jambo moja kubwa. Haukumwambia mtoto apende watu. Ulimpa watu wa kudaiana nao.

Miongoni mwa watu wa mwanzo kuuandika utani wa makabila ya Tanganyika alikuwa msomi wa ndege. Reginald Moreau, Mwingereza, alifika Amani kule Usambara Mashariki mwaka 1928, akitokea Misri, akaajiriwa katika kituo cha utafiti wa kilimo. Shauku yake ilikuwa msituni. Mpaka leo kuna chozi wa milimani anayebeba jina lake katika vitabu vya sayansi. Sijui wasomi wangapi wa jamii walikuwa wamepita nchini wakati ule na madaftari yao, wakapima koo na mahari na matambiko, wakausikia utani na kuudhania kuwa kelele tu. Pengine ilihitajika mtu aliyezoea kukaa kimya akisikiliza kelele, akijua kwamba kila mlio una sababu. Moreau aliukusanya utani kama alivyokusanya ndege: nani anamtania nani, wapi, na kwa asili gani. Maandishi yake yalitoka mwaka 1941 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, na tena mwaka 1944 katika jarida la Africa. Jarida hilo la pili lilikuwa limekwisha kuchapisha, mwaka 1940, maelezo ya mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown kwamba utani hupatikana pale watu wanapowekwa karibu na mbali kwa wakati mmoja: hawawezi kuachana, na hawawezi kuwa kitu kimoja. Miaka ya 1970 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho, chini ya Stephen Lucas, kilikusanya habari za utani kabila kwa kabila katika majalada kadhaa. Majalada hayo yangestahili kuwa katika kila chuo cha ualimu. Wangapi kati ya walimu wetu wapya wamewahi kuyaona?

Katika maelezo hayo yote sababu mbili hurudi: safari na vita. Mchukue mpagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19. Ametoka kwao na frasila mbili begani, yaani zaidi ya kilo 30 za pembe za ndovu, na mbele yake kuna mwendo wa miezi miwili mitatu hadi Bagamoyo. Atapita Ugogo, ambako maji ni haba na watemi hutoza hongo. (Neno hilo halikuwa na aibu wakati ule. Lilikuwa ushuru wa wazi wa njia, na aibu limeipata baadaye likiwa mikononi mwetu.) Atapita Usagara, atashuka Ukwere na Uzaramo, kwa watu wanaocheka lafudhi yake na kushangaa anachokula. Akiugua, msafara hauwezi kumsubiri. Akifa, ndugu zake wako mwendo wa wiki nyingi. Nani atampa maji, na nani atamzika? Mzaramo aliyembeba mgonjwa huyo hakumbeba kwa kuwa alifundishwa kwamba watu wote ni ndugu. Alimbeba kwa kuwa alijua Unyamwezi nako kuna njia, na siku mtoto wake atakapopita huko atakuwa na wa kumfuata. Mgonjwa alipopona, kitu cha kwanza walichofanya ni kutukanana kwa kicheko, na matusi yale yakawa hati ya mkataba. Ndiyo maana Mnyamwezi ana watani karibu kila kituo cha njia ile ya kati. Ukizichora kabila anazotaniana nazo, umeichora ramani ya biashara ya karne nzima.

Vita navyo viliacha alama hiyo hiyo. Wangoni na Wahehe walipigana vibaya kati ya mwaka 1878 na 1882, wala hakuna aliyemmaliza mwenzake. Wajukuu wa wapiganaji hao leo ni watani. Jambo hili humshangaza mgeni, lakini lina mantiki yake. Watu waliokwisha kuuana hawawezi kujifanya hawajui kilichotokea, na wakinyamaza, kitu kile kitachimba chini kwa chini kama mchwa. Kwa hiyo hukisema. Hukisema kila wanapokutana, kwa maneno makali kuliko yale ambayo adui angethubutu kuyatamka, mpaka kiishe makali.

Sasa tufike msibani, kwa sababu hapo ndipo utani unapoonyesha mifupa yake. Mtani huingia akipiga kelele wakati wafiwa wanalia. Huiga mwendo wa marehemu na kikohozi chake. Hushuka kaburini akagoma kutoka mpaka apewe chochote. Asiyejua mila angemwita mwendawazimu. Lakini huyo huyo ndiye aliyeshika jembe alfajiri, ndiye aliyechota maji, na mahali pengi ndiye aliyesimamia maiti pale ndugu walipoishiwa nguvu. Mzaha ni haki yake kwa sababu kazi ni wajibu wake, na ukimwondolea kimoja, cha pili hakina maana. Ukichunguza zaidi utaona utaratibu huo umesimama juu ya mambo machache. Wote wawili wana ruhusa sawa: anayetania leo atataniwa kesho, na hakuna mkubwa wala mdogo. Jamii nzima inajua na imeidhinisha, ndiyo maana kukasirika ni aibu. Tofauti husemwa waziwazi, ya chakula, ya matamshi, ya ushindi na ya kushindwa, badala ya kufichwa chini ya mkeka. Na juu ya yote kuna deni, linalolipwa kwa jasho siku mwenzako ameanguka.

Nimekaa sana njiani na wapagazi, najua, lakini nilitaka msomaji ayashike mambo hayo kabla hatujafika Marekani, maana huko waliyagundua upya kwa gharama kubwa. Mwaka 1954, ambao sisi tunaukumbuka kwa TANU, Mahakama Kuu ya Marekani iliharamisha kutenganisha watoto weusi na weupe katika shule za umma. Mwaka huo huo Gordon Allport wa Chuo Kikuu cha Harvard alitoa kitabu chake kuhusu chuki za makundi, akaonya kwamba kuwakutanisha watu tu hakutoshi. Wakikutana mmoja akiwa juu na mwingine chini, chuki huongezeka. Alisema mkutano huo huzaa heri pale wanapokuwa na hadhi sawa, lengo moja, kazi ya kushirikiana, na wakubwa wanaouunga mkono. Mlinganishe Allport na mtani wetu wa msibani, uone ni wapi wanapoachana. Mimi naona mahali pamoja tu: katika masharti yake Allport hakutaja kicheko.

Mwaka huo huo tena, mwanasaikolojia Muzafer Sherif aliwapeleka wavulana 22 wa miaka 11 na 12 kambini, mahali paitwapo Robbers Cave katika jimbo la Oklahoma, akawagawa makundi mawili na kuwashindanisha. Baada ya siku chache walikuwa wakichomeana bendera. Kuwakalisha meza moja hakukusaidia, walirushiana chakula. Kilichowabadilisha ni shida. Maji ya kambi yalikatika, ikabidi wote watafute kasoro. Kisha gari la kuleta chakula likagoma kuwaka, wakalivuta kwa kamba, na kamba yenyewe ndiyo ile waliyokuwa wameitumia siku za nyuma kuvutana wao kwa wao. Jaribio hilo lina walakini wake: shida zile zilipangwa na watafiti, na watoto wale walikuwa wa rangi moja na hali moja, kwa hiyo uadui wao ulikuwa wa kupandikizwa. Lakini linatosha kuonyesha kwamba mtoto hajifunzi kumthamini mwenzake kwa kuambiwa amthamini, wala kwa kukalishwa naye tu. Anajifunza akimhitaji.

Aliyeliingiza jambo hilo darasani ni mwanasaikolojia Elliot Aronson, mwaka 1971, katika mji wa Austin, Texas, ambako shule zilikuwa zimechanganywa juzi tu na watoto wa Kizungu, weusi na wa asili ya Meksiko walikuwa wakipigana uwanjani. Aliona kwamba ufundishaji wenyewe ulikuwa ukichochea vita: mwalimu anauliza, mikono thelathini inanyanyuka, mmoja anachaguliwa, na wengine wote wanaomba akosee. Akaugeuza. Watoto walikaa makundi madogo, somo likakatwa vipande, kila mtoto akapewa kipande kimoja ambacho wenzake hawana, na mtihani ukawa wa somo zima. Itazame njia hiyo hapa kwetu kwa mada ya kipindupindu, darasa la tano. Mmoja anajua kinavyoenea, mwingine anajua dalili, wa tatu anajua maji ya chumvi na sukari yanavyochanganywa, na yule mwenye kigugumizi ndiye pekee anayejua nini kifanyike kabla ya kufika zahanati. Anayemcheka atafeli. Anayempa muda na kumuuliza maswali mazuri atafaulu. Kule Austin watoto walianza kupendana zaidi, na wale wa makundi yaliyodharauliwa wakafanya vizuri zaidi katika mitihani, bila wenzao kupoteza chochote. Hakuna aliyewahubiria. Wakubwa walibadilisha tu mpangilio wa madeni.

Je, shule zetu hazijawahi kufanya hivyo? Zimewahi, na habari yake inastahili kukumbukwa kwa sababu wengi wetu tunakula matunda yake bila kujua mti ulipo. Serikali ya mkoloni ilikuwa na shule za Wazungu, shule za Wahindi na shule za Waafrika, kila rangi na walimu wake na fedha zake. Kongwa, ambako mradi maarufu wa karanga ulizama, palikuwa na shule ya watoto wa Kizungu tangu mwaka 1948 hadi 1958. Mradi ulipokufa na wazazi wakaondoka, watoto waliobaki walijengewa shule nzuri zaidi Iringa, ya Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu George, iliyofunguliwa mwaka 1959, miaka miwili tu kabla ya Uhuru. Historia ina utani wake. Majengo yale ya Iringa yakaja kuitwa Mkwawa, jina la mtu aliyewatoa jasho Wajerumani, na leo ni chuo kikuu kishiriki cha kufundisha walimu. Na Kongwa ikapokea tangu mwaka 1964 wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Tarehe 1 Januari 1962 sheria mpya ya elimu ilifuta mgawanyo wa rangi, ikaweka mfumo mmoja. Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, aliutaja ufutaji huo wa kwanza kabla ya mambo mengine yote ambayo serikali ilikuwa imeyabadilisha, na akasisitiza kwamba mtoto wa dini yoyote aweze kusoma shule yoyote ya serikali au inayosaidiwa na serikali bila hofu ya kugeuzwa imani. Kumbuka hali aliyoianzia: mwaka 1961 wanafunzi wa sekondari nchi nzima walikuwa 11,832, na kidato cha sita walikuwa 176. Kwa idadi hiyo kila nafasi ilikuwa dhahabu, na ingekuwa rahisi kila mkoa uwakumbatie wake. Badala yake mtoto wa Bukoba aliweza kujikuta Songea, wa Lindi akajikuta Musoma, katika bweni moja na watu ambao babu yake hakuwahi kuwasikia. Wakalima shamba moja, wakapika uji sufuria moja, wakakimbia mchakamchaka mstari mmoja. Na wakataniana. Bweni la sekondari lilikuwa njia mpya ya msafara.

Matokeo yake yamepimwa, japo si kwa ukubwa ambao ningependa. Mwaka 2004 mchumi Edward Miguel wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha utafiti uliolinganisha Busia ya Kenya na Meatu ya kwetu, wilaya mbili za vijijini zenye mchanganyiko wa makabila na zisizotofautiana sana kwa jiografia na historia ya kale. Busia, shule yenye makabila mengi ilikusanya michango michache zaidi ya wazazi na kuwa na madarasa na madawati duni kuliko shule ya kabila moja. Meatu, mchanganyiko haukuleta hasara hiyo. Yeye alihusisha tofauti hiyo na sera za kujenga taifa: lugha moja, mitaala iliyolenga utaifa, serikali za vijiji zisizosimama juu ya kabila. Wilaya mbili si nchi mbili, na takwimu za aina hii hazifungi mjadala. Hata hivyo inafaa kuliweka kando yake jambo jingine la Kenya. Mwaka 1985, pamoja na mfumo wa 8-4-4, kulikuja utaratibu wa kuzitaka sekondari nyingi kuchukua asilimia 85 ya wanafunzi wao kutoka eneo zilipo. Nia ilikuwa njema, kuwapa wenyeji haki ya shule iliyo uani mwao. Kilichopotea ni safari.

Hapo najua ninayejibishana naye amekwisha kunyoosha kidole. Atasema: umoja wa Tanzania haukujengwa kwa kutaniana kuhusu kabila, ulijengwa kwa kutolitaja. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kumuuliza Mtanzania kabila lake, na serikali haikuacha kuuliza kwa bahati mbaya. Na atanipeleka Rwanda, ambako kabla ya mwaka 1994 walimu walikuwa wakiwasimamisha watoto darasani, Wahutu wasimame, Watutsi wasimame, wahesabiwe, na nafasi za sekondari zigawanywe kwa hesabu hiyo. Je, unataka mwalimu wetu aanze kuuliza makabila mbele ya ubao? Pingamizi hili ni zito kuliko yote, wala silipuuzi. Nakubali kabisa kwamba kabila halina kazi katika daftari la mahudhurio, katika fomu ya kujiunga wala katika sensa, na atakayelirudisha huko atakuwa anaichezea nchi kama mtoto achezaye na kiberiti kwenye nyumba ya makuti. Lakini tazama kilichofanyika katika darasa lile la Rwanda. Mwenye mamlaka ndiye aliyesema, aliyetajwa hakuwa na haki ya kujibu, na hakuna aliyemdai mwenzake chochote ila nafasi ya kumtoa. Ni kinyume cha utani kwa kila kipimo. Utani haumhitaji mwalimu awahesabu watoto. Unamhitaji asiwazibe midomo wanapojitaja wenyewe kwa furaha. Tena ukimya una gharama yake. Mtoto asiyeruhusiwa kamwe kuitaja tofauti darasani haachi kuiona. Huipeleka chooni na nyuma ya jengo, na huko huitaja bila mkataba.

Pingamizi la pili ni la walimu, na ni la haki: mzaha shuleni huishia kwenye uonevu. Mtoto mwenye ualbino huitwa majina. Mwenye mguu mfupi huigwa anavyotembea. Anayetamka r kama l hugeuzwa kichekesho cha darasa zima. Kisha mwonevu hujitetea kwamba alikuwa anatania tu. Ndiyo, na hapo ndipo elimu ya utani ingetusaidia, kwa kuwa ingetupa kipimo cha kumkamatia mwongo. Je, uliyemcheka ana ruhusa ya kukucheka sawasawa? Je, amekubali? Je, ulimbebea begi jana? Kama jibu ni hapana, hukutania, ulitukana, na hata bibi yako kijijini angekwambia hivyo. Watani ni wawili waliosimama usawa mmoja. Umati wa watoto arobaini ukimzunguka mmoja hauna jina katika mila yetu isipokuwa unyama.

Ila niseme pia kwamba dawa tuliyoizoea, huruma, haimtoshi mtoto huyo. Tunawaambia wenzake wamwonee huruma, nao humwonea huruma kwa wiki moja, wakiwa wamesimama juu na yeye chini, kisha huchoka. Mtoto mwenye ualbino mara nyingi haoni mbali, kwa hiyo anahitaji dawati la mbele, maandishi makubwa, kofia na mafuta ya kukinga ngozi na jua. Hayo ni haki yake, wala asiombewe kama sadaka. Baada ya kumpa haki, mpe deni: awe mshika muda wa kikundi, awe na kipande cha somo ambacho hakuna mwingine anacho, awe kiranja wa maktaba. Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam, ambayo kwa miaka mingi imesomesha pamoja watoto wenye ulemavu, wakiwamo wasioona na wenye ualbino, na wasio na ulemavu, imebeba wazo lote katika jina lake. Kumpokea mtoto ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kumfanya awe mtu wa kutegemewa, na nusu hiyo ndiyo ngumu, kwa sababu inatutaka sisi wazima tuamini kwamba ana cha kutoa.

Tofauti inayonitisha kuliko kabila kwa watoto wa leo ni ya mfuko. Shule za kata, zilizoenea kwa kasi tangu mpango wa maendeleo ya sekondari wa mwaka 2004, zilifungua mlango kwa mamia ya maelfu ambao wasingekanyaga sekondari, na atakayeziponda asimulie kwanza watoto hao wangekuwa wapi. Lakini zilimrudisha mtoto nyumbani kwake kila jioni, miongoni mwa watu wa kwao. Upande wa pili wa barabara, basi la njano humchukua mwenzake saa kumi na moja alfajiri kumpeleka Inglishi midiamu, na wawili hao, majirani wa ukuta kwa ukuta, watamaliza utoto wao bila kudaiana hata penseli. Mmoja anajua mwenzake anasoma Kayumba, kama watu wanavyoziita shule za serikali, na anajua neno hilo halikusudiwi kuwa sifa. Wazazi, hapa hatuna wa kumlaumu. Neno Kayumba halikutoka kwenye silabasi, limetoka mezani kwetu. Mtoto anayesikia mama akisema usicheze na wale wa pale chini amekwisha kusoma somo la maadili la siku hiyo, na mwalimu atakayemsomesha kitabu kesho atakuwa anapaka rangi ukuta mbichi. Shule mbili za mtaa mmoja zingeweza kushiriki hata bustani moja tu, mwaka mzima, kwa zamu za kumwagilia. Upande mmoja ukikosa zamu, mchicha wa wote unakauka. Sijaona gharama ya jambo hilo isipokuwa kiburi.

Nafasi yangu inakwisha na somo jipya lenyewe sijaligusa vya kutosha. Kwa ufupi, silipingi. Historia inayoeleza jinsi tulivyotoka shule za rangi tatu hadi shule moja ni historia ambayo mtoto ana haki nayo. Hofu yangu ni mtihani. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 madarasa yamefurika, na mwalimu mwenye watoto sabini atafundisha wema kwa njia anayoimudu: atauandika ubaoni, watanakili, atawauliza sifa tano za raia mwema, na yule aliyempokonya mwenzake daftari asubuhi atapata tano kwa tano mchana. Simlaumu. Lakini mtu akisema darasa la sabini haliwezi kufanya kazi ya vipande, namjibu kwamba darasa la sabini ndilo linaloihitaji zaidi, maana mwalimu mmoja hawezi kuwasikiliza watoto sabini, wakati makundi kumi na manne ya watoto watano yanaweza kusikilizana yenyewe. Mada moja kwa wiki inatosha kuanzia, na vipande ni karatasi za daftari zilizokatwa kwa mkasi.

Kuna fursa moja inakuja ambayo wizara haikuipanga kwa ajili hii. Kwa mpango uliotangazwa, watoto walioanza mtaala mpya wakiwa darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza elimu ya msingi wakiwa darasa la sita mwaka 2027, mwaka ule ule ambao kaka na dada zao wa mtaala wa zamani watamaliza darasa la saba. Januari 2028 makundi yote mawili yataingia kidato cha kwanza mlango mmoja, yagombanie madawati, vitabu na foleni ya bomba. La saba watawaita la sita watoto wa mama. La sita watawauliza la saba walifanya nini mwaka mzima wa ziada, walirudia? Mwalimu wa zamu atasikia kelele hizo siku ya kwanza mstarini. Anaweza kuzinyamazisha kwa fimbo. Au anaweza kuwapanga wawili wawili, la sita na la saba dawati moja, jembe moja na kipande kimoja kimoja cha somo, halafu awaache waendelee kutaniana. Namna ya kuwapanga, kwa mfano wa zamu za msibani kama zilivyokusanywa katika majalada ya Lucas, ndiyo tutakayoitazama katika sehemu ya nne.